Sifuri mbele ya jina la mjane



Juma hili hatutafafanua masomo ya Dominika. Lipo jambo lililotukaa rohoni kwa muda mrefu, nasi tumeanza kuona kwamba kuendelea kulinyamazia ni sawa na kulibariki. Jambo lenyewe ni zile orodha za michango zinazobandikwa kila uchao katika makundi ya WhatsApp: ya jumuiya, ya vyama vya kitume, ya kwaya, ya kamati za harusi na za misiba. Majina ya watu wote hupangwa kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Mbele ya kila jina huandikwa kiasi alichotoa mwenye jina. Na mbele ya jina la asiyetoa huwekwa sifuri, au alama nyekundu, ili macho ya msomaji yasije yakampita. Tunazipinga orodha hizo. Tunazipinga zote, hata zile zinazoandikwa kwa nia njema, hata ile iliyobandikwa kwa ajili ya kukarabati paa la kigango, ambayo sisi wenyewe tuliiona, tukaisoma, tukafurahi kwamba fedha zinaingia, tukanyamaza.

Aliyetuzindua ni mama mmoja. Hatutamtaja jina wala jumuiya yake, maana ametajwa ya kutosha. Ni mjane, asubuhi anauza vitumbua, jioni anauza mboga, na kwa miaka mingi hakuwahi kukosa sala ya jumuiya. Tulipoona nafasi yake iko wazi majuma matatu mfululizo tulikwenda kumjulia hali, tukidhani anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alitukaribisha, akatupa kigoda, akazungumza juu ya mvua na bei ya unga, na ni pale tu tulipokuwa tunaaga ndipo aliposema: "Baba, jina langu limekaa pale siku kumi na moja na sifuri yake. Kila anayetoa anainakili orodha upya, anaongeza chake, anaituma tena. Kila ikitumwa, mimi nipo pale pale. Nitakujaje kusali na watu waliokwisha kuniona hivyo?"

Tuliporudi nyumbani tulifungua simu, tukahesabu. Orodha ile ilikuwa imetumwa kundini mara ishirini na sita. Mchango ulikuwa wa harusi ya kijana ambaye mama huyu ndiye aliyemfundisha ishara ya msalaba alipokuwa mtoto.

Hatusemi kwamba zamani watu hawakudaiwa michango. Walidaiwa sana. Kadi zilichapishwa, mweka hazina akapita nyumba kwa nyumba na daftari lake, na wapo waliojificha jikoni waliposikia hodi. Lakini aliyekosa alikosa mlangoni pake, mbele ya mtu mmoja. Alisema, "Mzee, nivumilie hadi mwisho wa mwezi," akavumiliwa, na maneno yakaishia kizingitini. Mweka hazina mwenye busara, nasi tumewafahamu kadhaa, alijua nyumba ya kupita na nyumba ya kuruka. Alijua fulani ana mgonjwa hospitalini, fulani hajalipwa mshahara tangu Pasaka, na fulani anaweza kutoa mara tatu bila kuumia, na kwa huyo alikwenda mara tatu. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Yalikaa kichwani mwake, na daftari likakaa mfukoni mwake.

Sasa daftari limefunguliwa, likawekwa sokoni. Na ni soko kubwa. Mwaka 2016 kundi moja la WhatsApp liliweza kubeba watu 256. Tangu mwaka 2022 linaweza kubeba watu 1,024. Hakuna jumuiya yetu yenye watu kiasi hicho, lakini kamati za harusi hujitahidi: huingizwa wajomba, wafanyakazi wenzake bwana harusi, waliosoma naye shule ya msingi, mafundi, majirani wa mahali alipopanga miaka mitano iliyopita, na watu wasiojua kabisa wameingizwa na nani. Hao wote wanasoma umaskini wa mama yetu. Mmoja wao akipiga picha kioo cha simu yake na kuipeleka kundi lingine kwa mzaha, hakuna wa kuirudisha.

Tumezungumza na makatibu na waweka hazina wetu. Ni watu wema, wanatumika bila malipo, na wengine huongeza bando kwa fedha zao wenyewe ili kazi ya Kanisa iende. Wana hoja mbili, nasi haki inatudai tuziseme jinsi walivyozisema.

Hoja ya kwanza ni uwazi. Wanasema: Baba, unajua fedha zilivyowahi kupotea; orodha inamlinda mtoaji asidhulumiwe na inamlinda mweka hazina asisingiziwe. Ni kweli fedha zimewahi kupotea, na hatutajifanya kwamba zilipotea nje ya Kanisa tu. Lakini hebu tuutazame uwazi huo unamwangaza nani. Uwazi ni deni la yule anayeshika fedha za watu. Yeye ndiye anayepaswa kuonyesha kilichoingia, kilichotumika, risiti na salio. Mtoaji hana deni hilo. Hakushika fedha ya mtu. Aliyetuma mchango kwa simu anao ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya muamala, tarehe na saa. Huo ndio ushahidi wake, na anaweza kwenda kuulinganisha na daftari siku yoyote. Tumewahi kuona, nasi tunasema hili kwa uchungu, orodha ndefu ya watoaji iliyopambwa kwa alama za kijani, majina zaidi ya mia moja, na upande wa matumizi hapakuwa na mstari hata mmoja. Wanyonge wameanikwa juani, na aliyeshika mfuko amekaa kivulini. Je, huo ndio uwazi?

Hoja ya pili ilisemwa na katibu mmoja kwa ufupi zaidi: "Baba, bila orodha watu hawatoi." Hapo hatuna ubishi. Tunakiri kwamba orodha inafanya kazi. Na kwa sababu inafanya kazi, tunaiogopa. Yule ambaye angetoa elfu tano kwa moyo mkunjufu anaona wenzake wameandika elfu hamsini, naye anaandika elfu hamsini. Hana, lakini ameandika. Wapo katika parokia hii waliokwenda kuchukua ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, si kwa ajili ya ada ya mtoto wala dawa, bali ili kufuta sifuri ya harusi. Wapo walioandika ahadi wakijua fika kwamba hawataitimiza, ili tu wapate siku chache za amani. Msomaji wa Matendo ya Mitume atawakumbuka Anania na Safira. Petro hakumlaumu Anania kwa kutoa kidogo; alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lao lilikuwa kutaka waonekane wametoa kuliko walivyotoa. Nasi tumetengeneza chombo ambacho kila mwezi kinawafundisha waamini wetu kutamani hilo hilo, kisha tunashangaa ahadi zinapokuwa hewa.

Kuna mpendwa mmoja, mtu msomi na rafiki yetu, aliyetupinga kwa Injili yenyewe. Alituuliza: Je, Bwana wetu hakuketi kuelekea sanduku la hazina akitazama jinsi watu wanavyotia fedha? Je, hakumtaja mjane aliyetia senti mbili? Basi kutazama matoleo ya watu si dhambi! Swali hili tulilipenda, kwa maana lilitulazimisha kurudi kusoma upya sura ya 12 ya Marko na ya 21 ya Luka. Ni kweli alitazama. Lakini aliyemwona hakumtangaza hekaluni; aliwaita wanafunzi wake, akazungumza nao. Hakumwita mjane asimame. Na jina lake hatulijui. Wainjili wawili waliandika habari yake, Kanisa limeisoma karne hata karne, na hadi leo hakuna ajuaye mama yule aliitwa nani. Kiasi tunakijua, jina tumefichwa. Sisi tumefanya kinyume chake: tumelitangaza jina, na kuhusu senti mbili hatukuwa na subira ya kungoja.

Turudi kwenye chombo chenyewe, maana wapo wanaosema kwamba simu haina dhambi, dhambi iko kwa mtumiaji. Neno hilo lina ukweli, lakini lisitufanye wavivu. Chombo kina mazoea yake, na mazoea hayo yamewekwa na watu. Zile tiki mbili za buluu zinazomjulisha mtumaji kwamba umesoma ziliwekwa Novemba 2014. Kabla ya hapo mtu aliweza kusoma ujumbe wa mchango akatafakari siku mbili bila kuhesabiwa kuwa amedharau. Kwa miaka mingi aliyejitoa kundini alitangazwa mbele ya wote, jina lake likabaki pale kama la mtu aliyesusa. Ni mwaka 2022 ndipo utaratibu ulipobadilishwa, na sasa wanaojulishwa ni viongozi wa kundi tu. Tangu mwaka 2019 kila mwenye simu anaweza kwenda kwenye mipangilio ya faragha na kuamua ni nani anayeruhusiwa kumwingiza kundini. Tumeuliza katika jumuiya tatu. Waliojua jambo hilo hawakufika vidole vya mkono mmoja. Tunawasihi vijana wawaonyeshe wazee wao. Ni kazi ya dakika moja.

Na kuna jambo moja ambalo hatuwezi kuliacha. Mmoja wa wawili walioanzisha WhatsApp mwaka 2009, Jan Koum, alizaliwa Ukraine, akahamia Marekani na mama yake akiwa kijana wa miaka 16. Walikuwa maskini; waliishi kwa msaada wa chakula wa serikali, naye alipanga foleni kuuchukua. Mwaka 2014 kampuni ya Facebook ilipokubali kuinunua WhatsApp kwa dola zipatazo bilioni 19, Koum alikwenda kutia sahihi mkataba ule kwenye jengo lililokuwa ofisi ile ile ya ustawi wa jamii alikokuwa akipanga foleni, katika mji wa Mountain View. Hatumjui bwana huyu wala hatumpigii debe. Lakini mara nyingi tumejiuliza angesema nini kama angeonyeshwa orodha ya harusi yetu, akatafsiriwa maana ya ile sifuri. Mtu aliyewahi kusimama katika foleni ya aina hiyo anajua watu wanavyotazama.

Msituelewe vibaya mkadhani tunataka mtupe simu zenu. Juzi damu ilipohitajika usiku kwa mama aliyekuwa akijifungua, kundi la vijana lilipata watoaji wanne kabla ya saa moja kwisha. Nani angepita nyumba kwa nyumba usiku ule? Yupo binti wa parokia hii anayefanya kazi za nyumbani Muscat, ambaye kila Jumatano husali Rozari pamoja na mama yake kwa simu, na mama huyo hutuambia kwamba sauti ya mwanawe ndiyo inayomfanya alale. Wazazi wanajuana na walimu, wakulima wanaulizana bei kabla dalali hajawadanganya, na hata tafakari hii wengi mnaisoma kwa sababu mtu fulani amewatumia. Haya yote ni mema nasi tunayashukuru.

Lakini hata mema hayo yana upande ambao hatuutazami. Mwaka jana alifariki mzee mmoja aliyekuwa mwimbaji wetu wa zamani. Habari za msiba zilitumwa kundini saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja ilipofika, rambirambi zilikuwa zimeingia kutoka Mwanza, Nairobi na London. Jirani yake wa ng'ambo ya njia, rafiki yake wa miaka arobaini, ana simu ya kitochi. Alijua habari mchana, alipoona turubai linafungwa. Alipotujia alikuwa na neno moja tu: "Padre, mimi hunihesabu kuwa mwanajumuiya?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetuma ujumbe, tukahesabu kwamba tumetangaza. Papa Benedikto wa XVI, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2009, aliusifu urafiki unaojengwa kwa vyombo hivi vipya, na papo hapo akaonya kwamba litakuwa jambo la kusikitisha kama urafiki huo utatugharimu nafasi yetu kwa familia na kwa majirani. Miaka kumi baadaye hayati Papa Fransisko aliurudia mwili na viungo vya Waraka kwa Waefeso alipoeleza kwamba mtandao wa kijamii haugeuki kuwa jumuiya kwa wenyewe tu. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika miaka ya 1970 ili waamini wakutane nyumbani kwa mtu, waone paa linalovuja, wasikie mtoto anayekohoa. Kundi la simu halioni paa.

Kwa kuwa tumekwisha kushika kalamu, tuseme neno moja pia juu ya zile sala zinazozungushwa zikiwa na agizo la kuzituma kwa watu kumi na wawili, ama sivyo utapatwa na balaa. Ni ushirikina uliovaa rozari. Wazee watakumbuka kwamba zilikuwako tangu enzi za barua, watu wakizinakili kwa mkono na kuzitia kwenye bahasha. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi hazigharimu hata stempu. Ukiletewa, ifute. Hakuna kitakachokupata. Ikiwa una hofu, njoo uifute mbele yetu.

Sasa tuseme tulichoamua, baada ya kuzungumza na Halmashauri ya Walei. Kuanzia Dominika ya kwanza ya mwezi ujao, hakuna kundi lolote linalobeba jina la parokia hii, la kigango, la jumuiya au la chama cha kitume, litakaloruhusiwa kubandika majina ya watoaji pamoja na viasi vyao, wala majina ya wasiotoa. Mweka hazina atabandika jumla iliyoingia, matumizi pamoja na picha za risiti, na salio, kila juma. Anayetaka kuhakikisha kwamba mchango wake umeandikwa ataliona daftari ofisini, ukurasa wake yeye. Msiba utatangazwa kwa kengele na kwa miguu kama zamani, na kundini pia. Kila jumuiya itateua watu wawili wa kupita kwa wasio na simu janja, na majina ya hao wawili tunayasubiri hadi Jumamosi. Kamati za harusi hatuna mamlaka juu yake. Tunachoweza kusema ni kwamba tumekuwa tukialikwa kufungua vikao vya kamati hizo kwa sala, na kuanzia sasa tutauliza kwanza kuhusu orodha.

Tunajua michango itapungua. Huenda paa la kigango likachelewa kwa mwaka mzima, na wapo watakaotukumbusha habari hii kila mvua itakaponyesha ndani. Tumelipima hilo, na tumekubali kulowa.

Tangu siku ile mama yule bado hajarudi kwenye sala za jumuiya. Tulimweleza uamuzi huu, akashukuru kwa heshima, akasema atafikiri. Alhamisi tutakwenda tena, na safari hii katibu aliyeianzisha ile orodha ameomba twende pamoja.